Gari la Mheshimiwa Fisi

Katika kijiji cha Mbugani, Fisi alishinda uenyekiti kwa ahadi ya kisima. Fedha za kisima zilipofika, kikao cha kwanza kiliamua kwamba kisima hakisimamiwi kwa miguu, likanunuliwa gari dogo la mtumba kutoka Japani. Kikao cha pili kikaamua kwamba gari limekaa juu mno. Fisi, ambaye nyuma yake iko chini tangu kuumbwa, alikuwa amewaona mbweha wa mjini wakipita na magari yanayokaribia kulamba lami. Akasema kiongozi wa wanyonge hawezi kuketi juu kuliko wananchi.

Ngiri, mshauri wake, akazikata springi zote nne kwa msumeno. Gari likashuka vidole vinne. Kijiji kizima kilitoka kulitazama likipita na, haki ya Mungu, lilipendeza.

Hata vuli haijaanza, Punda dereva akaja na habari.

“Mheshimiwa, matairi ya mbele yameota nyuzi.”

“Nyuzi ziko wapi? Mimi naona kashata nzima.”

“Ukingo wa ndani, Mheshimiwa. Huko kusikoonekana.”

Fisi akalizunguka gari kwa nje, akaridhika, akamfukuza Punda kwa kosa la uzushi. Nyumbu aliyempokea usukani naye akafukuzwa kwa kukata kona vibaya. Nyani muuza matairi akaitwa kujieleza, na Tembo wa barabara akaandikiwa barua kali. Jozi mpya ikanunuliwa, nayo ikaliwa palepale. Hapo Ngiri akatoa ushauri wa kitaalamu: matairi yapanguliwe, ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele. Mabadiliko hayo yalitangazwa kwa tarumbeta, na matumaini yakarejea kwa wiki kadhaa, mpaka yote manne yakawa vipara upande wa ndani. Pangua ilikuwa imeugeuza ugonjwa wa wawili kuwa wa wote.

Ndipo akaitwa Kobe. Fundi huyu hana makuu, ila macho yake yako usawa wa tairi, na kuingia chini ya gari kwake si kujidhalilisha.

Alianza na upepo, akaukuta sawa. “Upepo ukizidi, tairi huisha katikati,” alisema. “Ukipungua, huisha kingo zote mbili. Likiliwa mabonde mabonde, muulize shokapu. Hili limeliwa ukingo mmoja, kwa hiyo muuza matairi hana kesi.” Akapitisha kiganja juu ya kashata: kwenda ni laini, kurudi kunakwaruza. Akatikisa kichwa. Akapiga jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, kisha kushoto na kulia, akisikiliza boli joint na tairodi. Mwishowe akaingia uvunguni na kurunzi kukagua bushi, akakuta mbili zimechanika. Akalishusha gari, akanyoosha usukani, akapima kwa tepu nafasi kati ya matairi mawili upande wa mbele, halafu upande wa nyuma wa matairi hayohayo. Mbele palizidi kwa milimita 6.

“Mzee Kobe, milimita 6 ni kitu cha kunitoa ofisini?” Fisi alicheka.

“Mheshimiwa, springi zilipokatwa, mikono inayoshika magurudumu ilibadili mlalo. Vichwa vya magurudumu vikaingia ndani, na kila gurudumu likawa linachungulia mtaro wake. Tairi lako lina kimo cha sentimita 60 hivi. Kwa milimita hizo 6, kila kilomita moja unayokwenda, kila tairi la mbele linaburutwa kando karibu mita 5. Wilayani ni kilomita 60. Ukifika huko, kila moja limekwisha kuburutwa mita 300, na bado hujarudi. Kulala kwa gurudumu hula polepole. Kuangalia kando ndiko kunakomaliza.”

“Basi tupige alaimenti kesho.”

“Alaimenti kabla ya bushi ni kumpima nguo mtu anayecheza ngoma. Kwanza uamue gari likae kimo gani, maana ukiligusa tena baada ya hapo, vipimo vyote vimeharibika. Uache springi za msumeno, uweke zilizoundwa kwa kimo hicho. Kisha bushi. Kisha boliti za kurekebishia mlalo. Mwisho ndiyo mashine, magurudumu yote manne, nyuma kwanza ndipo mbele. Sikukatazi kukaa chini, Mheshimiwa. Kaa chini kwa hesabu.”

Fisi akauliza gharama. Ilikuwa ndogo kuliko jozi mbili za matairi. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama wananchi wataiona kazi hiyo. Kobe akajibu kwamba bushi haionekani barabarani. “Basi si kipaumbele,” akasema Fisi, akaagiza matairi yavuliwe, yageuzwe kwenye rimu, na upande wa kipara upakwe rangi nyeusi.

Siku ya gulio, tairi la kushoto lilipasuka mbele ya umati, gari likajilaza mtaroni. Tume ikaundwa chini ya Ngiri, ikagundua msumari. Kobe aliandikiwa barua ya kuhujumu maendeleo, na bajeti ya matairi ya mwaka unaofuata ikapitishwa kwa makofi, chini ya kifungu cha kisima.

Ndugu msomaji, kiongozi anayekuletea tairi jipya kila mwaka bila kugusa springi hakutengenezei gari, anakutengenezea bili. Usimpigie makofi kwa kashata ya nje. Mwambie apige jeki, uingie chini, ukatazame mwenyewe.