Mkono Mmoja, Soda Tatu

Kamera haina adui mkubwa kuliko kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe. Jumamosi saa nane mchana, jua la Kampala linawaka uwanjani na wazee wa ukoo wameketi chini ya hema. Wanaume wako ndani ya kanzu nyeupe pe na koti jeusi juu yake; akina mama wamevaa gomesi zinazometameta, mabega yamechongoka, tayari kwa vita vya maneno baina ya wakwe. Ukiipimia kamera mwanga wa kanzu, nyuso zinazama gizani na kanzu zinabaki zimeketi peke yake. Ukiipimia nyuso, kanzu zinaungua kwa weupe, na ile tarizi nyekundu ya kifuani, ambayo mwenyewe ameilipia fedha nzuri, haionekani tena. Sasa Ssenga, shangazi wa bibi harusi na msemaji wa mwisho katika kila jambo, anataka vyote: uso, tarizi, na ndizi zilizoletwa na upande wa pili zihesabike.

Nina kibanda cha picha kando ya barabara ya Hoima, karibu na soko la Kasubi. Kazi zetu ni picha za pasipoti, fotokopi, kulaminisha vyeti, na sherehe zikijitokeza. Dawa ya ugomvi wa kanzu na nyuso, walisema wajuzi, ni HDR. Unapiga picha tatu za kitu kilekile: moja ya kawaida, moja yenye mwanga pungufu mara nne, na nyingine yenye mwanga zaidi mara nne. Kisha programu inachukua kanzu kwenye picha ile ya giza, inachukua nyuso kwenye ile ya mwanga, inaziunganisha, na ukoo mzima unapatana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari kwa negativu mbili, moja ya mawingu na moja ya maji, kisha anaziunganisha wakati wa kusafisha. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wakaonyesha hesabu za kuifanya kompyuta ifanye kazi hiyo, na kufikia 2005 Photoshop ilikuwa na amri yake maalumu. Le Gray alikuwa na bahati. Bahari haikumpigia simu usiku kuuliza albamu imefika wapi.

Kuchagua programu ndiko kulikonivuruga. Photoshop na Lightroom zinalipiwa kila mwezi kwa dola, na wateja wangu wanalipa kwa shilingi, tena kwa awamu. Photomatix unainunua mara moja ukaimiliki, ila hiyo mara moja yenyewe ndiyo kodi ya kibanda. Nik Collection ilikuwa na hadithi ya kuvutia: Google waliigawa bure mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakaiuzia kampuni ya DxO ya Ufaransa, bei ikarudi. Mimi habari za bure huwa zinanifikia bei ikisharudi. Luminance HDR na Hugin ni za bure kabisa, ila zina vitufe vingi kuliko wateja wangu. Fundi wa simu wa jirani akaniletea suluhisho lake: programu yoyote niitakayo, imeshavunjwa kufuli, kwenye flashi moja. Flashi ile ilikuwa na virusi vingi kuliko soko la kuku, nikamshukuru kwa ujirani mwema.

Kwa majaribio nikamtafuta mteja mtulivu kuliko wote mtaani: Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda, hapa hapa Kasubi. Lilikuwa jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza, lililojengwa mwaka 1882. Akazikwa humo mwaka 1884, na baadaye wakamfuata Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili. Mahali hapa paliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba ikateketea kwa moto usiku wa Machi 16, 2010, na mwaka 2023, baada ya ujenzi mpya, jina la Kasubi likatolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa mpiga picha aliyesimama nje, kwa ruhusa ya walinzi, huo ndio mtihani wenyewe: paa la nyasi linaloshuka karibu na ardhi, mlango wenye kiza, mawingu meupe nyuma. Nikaweka kamera kwenye stendi, nikapiga tatu tatu.

Programu zote nilizozijaribu zilifaulu! Nyasi zilionekana unyasi kwa unyasi, mawingu yakapata matumbo, kiza cha mlangoni kikabaki na heshima yake. Na hapo ndipo mtego ulipo. Matangazo ya programu hizi yanakuonyesha milima, madaraja na makanisa. Hayakuonyeshi kitu chochote kinachoweza kuinuka kwenda kuchukua soda.

Ndani ya paa la Muzibu Azaala Mpanga kuna pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda; siku ya kwanjula, chini ya hema letu, ilionekana koo zote zimetuma wajumbe, wote wakitembea. Nilirudi kibandani na mafaili yangu ya tatu tatu. Programu ya kwanza, ambayo jina lake nalisitiri, ilikuwa ya majaribio, na kila picha iligongwa nembo ya kampuni katikati. Kwenye picha kubwa ya ukoo, nembo ilitua kifuani mwa bwana harusi. Ssenga aliiangalia kwa kitambo.

“Kijana, kampuni hii ilileta mbuzi wangapi, mpaka jina lake likae kifuani mwa mkwe wetu?”

Programu ya pili haikuwa na nembo. Ilikuwa na uaminifu uliopitiliza: kila kilichotokea katika zile picha tatu ilikiweka chote. Kijana aliyekuwa akigawa vinywaji alionekana nusu kivuli, mkono mmoja, soda tatu. Mjomba mweka hazina alikuja mwenyewe kibandani na daftari lake. Alinunua kreti kwa hesabu, na sasa pichani soda zimezidi. Alitaka kujua za ziada zilikwenda kwa nani.

Ya tatu ndiyo iliyonigombanisha na wazee. Ilizungushia kila kichwa duara la mwanga, hata mjomba huyo anayeonekana kanisani Krismasi tu akatoka na taji la mtakatifu. Jjajja, bibi wa miaka themanini na ushei, alitendewa haki kwa kila mkunjo wa uso, mmoja mmoja, na mingine ambayo hajaipata bado. “Mjukuu wangu,” akaniambia kwa upole, “hii nitakuja kuichukua nikizeeka.” Tena kila programu ilipokaribia kumaliza hesabu zake, umeme ulikatika, na kompyuta ikaanza upya bila kinyongo.

Kilichoniokoa ni Enfuse, ndugu yake Hugin, ya bure. Inafuata njia iliyoandikwa mwaka 2007 na Mertens, Kautz na Van Reeth: inachagua sehemu nzuri za kila picha na kuzichanganya moja kwa moja, bila kukoroga rangi. Kijana anayeuza rolex, ile chapati ya mayai, mlangoni kwangu, ambaye hukagua kazi zangu mayai yakiwa kikaangoni, alisema picha hazijachangamka. Ssenga akasema zimefanana na watu. Nyumba, hema tupu na meza ya keki nikazifanyia hivyo. Kwa picha za watu wanaotembea nikachukua faili ghafi moja moja, nikainua giza la nyuso taratibu, basi. Albamu ikalipwa.

Halafu mpwa wa bibi harusi akaipiga picha ya albamu kwa simu, akaipitisha kwenye Snapseed, akabonyeza HDR mpaka mwisho, gomesi zikawaka moto. Hiyo ndiyo iliyozunguka kwenye WhatsApp ya ukoo, na hiyo ndiyo Ssenga ameiweka kwenye wasifu wake.

Kwa hiyo kijana akinijia kuuliza anunue programu ipi, nami namuuliza: utampiga nani, na atatulia kwa muda gani? Akijibu nyumba, achukue yoyote, hata ya bure. Akijibu shangazi, programu aiache dukani anunue taa ya kamera, amsogeze Ssenga ukingoni mwa hema, na soda zigawiwe baada ya picha.