Namna ya Kumtumia Shangazi Ng'ombe kwa Meseji Akafika Mzima

Ng'ombe amezaa usiku, na shangazi yuko mjini na kitochi chake. Usimpigie. Saa hizi yuko sokoni katikati ya kelele, atasikia "ndama" akaelewa "ndoa", na mkutano wa ukoo utaitishwa bure. Mwandikie meseji hivi:

"Shangazi shikamoo. Ng'ombe amezaa salama usiku, ndama ni jike. Daktari wa mifugo anakuja kesho. Tuma hela ya dawa leo."

Hesabu kila herufi, nukta na nafasi: ni 118. Meseji moja hubeba 160, kwa hiyo umebakiwa na 42. Zitunze, tutazihitaji. Hiyo 160 ina mwenyewe: mwaka 1985 Mjerumani Friedhelm Hillebrand aliketi na taipureta yake huko Bonn, akawa anaandika sentensi za kila siku na kuzihesabu, akaona karibu zote zinaishia chini ya hapo. Ujumbe una baiti 140 tu. Herufi zikibanwa kwa biti 7 kila moja, zinaingia 160 barabara.

Sasa mkague ng'ombe kwenye ritifaa, ile alama inayofuata g. Kiswahili kina bahati, herufi zake zote zimo katika alfabeti hiyo ya biti 7. Ritifaa iliyonyooka nayo imo. Iliyopinda haimo, na ndiyo ambayo baadhi ya simu janja hukuwekea bila kukuuliza. Ikipenya moja tu, kwa kawaida ujumbe wote huhamia kwenye biti 16, na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67, maana kila kipande lazima kibebe na namba yake ya foleni. Kile kikatuni cha kucheka machozi kina madhara hayo hayo.

Tazama yanayompata ng'ombe wetu. Kipande cha kwanza kinaishia "ndama ni jike. Dakt", cha pili kinaanza "ari wa mifugo". Umelipia meseji mbili. Simu ya shangazi inaviunga vyote vikifika, lakini cha pili kikikwama njiani, kimekwama na dawa. Kwa hiyo futa ritifaa iliyopinda, bonyeza kibonye chake kwa sekunde moja hivi, na simu nyingi zitakuletea iliyonyooka. Dakika moja ya kazi hiyo ni heshima kwa anayekusubiri.

Bonyeza tuma. Mtandao ukiwa hafifu, panda kichuguu. Meseji haihitaji njia ya sauti, hupita katika mkondo ambao simu na mnara hutumia kupeana habari, ndiyo maana hupenya pale ambapo simu ya kuongea inakatika.

Ukiona "imetumwa", usianze kununa kwamba shangazi kakupuuza. Neno hilo lina maana moja: kituo cha ujumbe cha mtandao wako kimepokea. Kituo huuliza kwanza mtandao wa shangazi laini yake iko eneo gani, ndipo kinapeleka. Akiwa amezima kuokoa chaji, kinautunza ujumbe na kujaribu tena, na akiwasha tu, mtandao hukistua kituo, kitochi kinalia. Utunzaji huo una kikomo, basi washa ripoti ya kufika ujue moja. Lakini usirudie kutuma mara tano! Zote zitamwagika kwa mpigo, na shangazi ataamini zizi limejaa ndama.

Limebaki la hela, na hapa naomba uwe makini kweli. Matapeli wamemwandikia sana "ile hela itume kwenye namba hii", na hata namba inayoonekana juu ya ujumbe inaweza kughushiwa. Shangazi ana haki ya kukushuku. Zile herufi 42 ni za hapa: badala ya "ng'ombe" tupu, mtaje kwa jina alilompa shangazi mwenyewe siku alipomnunua mnadani, kisha jitaje kwa lile jina la utotoni ambalo yeye peke yake bado anakuita. Tapeli hana hayo. Hesabu tena usizidi 160, na kama jina la utotoni lina ng', irudie ile kazi ya ritifaa.