Heko kwa Mlalamishi

Wahenga hawakuwa na televisheni, lakini ugomvi wa mashabiki wa Doctor Who waliuandalia silaha mapema. Mwenye kupenda ya zamani husema ya kale ni dhahabu. Akijibiwa kwamba siku hizi picha ni safi na waigizaji ni hodari, ana la akiba: kipya kinyemi ingawa kidonda. Hapo ndipo mjadala huanza. Na huyu anayeuchokoza kila mara, anayekunja uso kila jina la mwigizaji mpya linapotangazwa, hajawahi kupewa sifa anazostahili.

Kwa asiyeijua, ni tamthilia ya BBC kuhusu msafiri aitwaye Daktari, anayebadili mwili (na mwigizaji) badala ya kufa, anayevuka zama na sayari ndani ya kibanda cha polisi cha rangi ya buluu ambacho ndani ni kikubwa kuliko nje. Ilianza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Ilisimama 1989, ikatoa filamu moja 1996, kisha ikafufuliwa tarehe 26 Machi 2005. Miaka 26 ya kwanza huitwa ya zamani, na yote yaliyofuata ufufuo huitwa mapya, ingawa upya huo umeshavuka miaka 20 na watoto waliokua na Daktari wa David Tennant nao sasa wanafungua mazungumzo kwa “enzi zetu”.

Mlalamishi ni wa ukoo bora. Sydney Newman, mkuu wa tamthilia wa BBC aliyelitoa wazo la kwanza, alitaka kipindi cha kuwapa watoto historia na sayansi, akapiga marufuku madubwana yenye macho ya kutokeza. Hadithi ya pili tu, Desemba 1963, mtayarishaji Verity Lambert akaleta Daleks, viumbe wakatili waliojifungia ndani ya magamba ya chuma. Newman akafura. Watoto wa Uingereza wakawapenda Daleks kupita kiasi na tamthilia ikapata uhai. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuona kwamba Doctor Who imeharibika alikuwa mwasisi wake, na hadithi zilikuwa bado mbili! Newman huyo huyo aliiandikia BBC mwaka 1986 akishauri Daktari awe mwanamke. Jodie Whittaker alipotangazwa kuwa Daktari mwaka 2017, wapo waliolia kwamba waasisi wamesalitiwa. Barua ya mwasisi ilikuwa na umri wa miaka 31.

Lakini kipaji cha mlalamishi hung'aa zaidi anapolinda sheria. Mwaka 1976 mwandishi Robert Holmes alimrudisha Daktari kwenye sayari yake, Gallifrey, katika hadithi ya The Deadly Assassin. Kabla ya hapo Mabwana wa Wakati, yaani jamii ya Daktari, walikuwa viumbe wa kuogofya, karibu miungu. Holmes akawaonyesha kama wazee wa baraza, wamelemewa na majoho, viungo vinawauma, fitina za madaraka haziwaishi. Kiongozi wa chama cha mashabiki, wakati huo chama kikiwa bado kichanga, aliichambua vikali, akaona haiba yote ya Doctor Who imemwagwa chini. Ndani ya hadithi hiyo hiyo iliyolaaniwa mlikuwa na kauli ya kupita tu, kwamba Bwana wa Wakati hubadili mwili mara 12, basi. Miaka ikapita na laana ikageuka katiba. Kufikia Krismasi ya 2013, mwandishi Steven Moffat alilazimika kumtafutia Daktari kibali cha miili mingine, maana hesabu ya 1976 ilikuwa imefika ukingoni. Yapo mabunge yasiyoziheshimu sheria zake kiasi hicho.

Kisha ikaja 2020. Chris Chibnall, aliyekuwa ndiye msimamizi wa tamthilia, alifichua katika The Timeless Children kwamba Daktari aliishi maisha mengine kabla ya yule wa William Hartnell, aliyedhaniwa kuwa wa kwanza. Walinzi wa mila wakawaka. Mila ipi? Ile ya Holmes, iliyowahi kuitwa uharibifu. Na Januari ya mwaka huo huo wa 1976, Holmes akiwa mhariri wa miswada, hadithi ya The Brain of Morbius ilikuwa imeshaonyesha sura kadhaa zilizoashiria Madaktari waliomtangulia Hartnell, mojawapo ikiwa sura ya Holmes mwenyewe ndani ya mavazi ya kizamani. Mlalamishi anayajua haya yote kwa ghibu. Hayamzuii.

Chibnall naye ni zao la chuo hicho hicho. Mwaka 1986, akiwa kijana wa chama cha mashabiki, alitokea kwenye kipindi cha BBC akaukosoa msimu wa mwaka ule, huku baadhi ya waandishi wake, Pip na Jane Baker, wakishiriki kipindi hicho hicho. Miaka 32 baadaye akakalia kiti cha usukani na kuonjeshwa dawa ile ile. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Peter Capaldi, Daktari wa kuanzia 2013 hadi 2017, alikuwa na barua ya ushabiki iliyochapwa katika jarida la Radio Times mwaka 1974, akiwa kijana, na Russell T Davies aliyeifufua tamthilia alikulia mbele yake. Hiyo inayoitwa mpya imetengenezwa na watoto wa ile ya zamani, jambo ambalo pande zote mbili hulisahau kwa hiari.

BBC, kwa upande wake, haikuulinda urithi wake kwa wivu wa namna hii. Katika miaka ya 1960 na 1970 ilifuta kanda na kutupa filamu za vipindi vilivyokwisha kuonyeshwa. Kanda zilikuwa ghali, haki za marudio zilikuwa na kikomo, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja watu wangenunua vipindi wakae navyo nyumbani. Picha za vipindi vingi vya Hartnell na mrithi wake Patrick Troughton zikapotea, lakini sauti zake zote zipo. Zipo kwa sababu vijana walisogeza vinasa sauti karibu na televisheni na kunasa kila walichokisikia. Mtu mwenye imani na kesho hahangaiki hivyo.

Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba filamu za vipindi 9 vilivyopotea zimepatikana Jos, Nigeria. Kwa ugunduzi huo The Enemy of the World ikakamilika tena. Kwa miongo kadhaa mashabiki walikuwa wakiishusha hadithi hiyo, ilhali kilichobaki kuonekana kilikuwa kipindi 1 kati ya 6. Ilipotazamwa yote, heshima yake ikapanda. Kuhukumu usichokiona kunahitaji ujasiri, na ujasiri haukupungua hata kidogo.

Takwimu nazo hazimtishi mlalamishi. Mwaka 2009 wasomaji wa jarida la Doctor Who walizipanga hadithi 200, za zamani na mpya pamoja. Ya kwanza ilikuwa The Caves of Androzani. Ya mwisho kabisa, The Twin Dilemma. Zote mbili ni za zamani, tena zilifuatana hewani katika mwezi mmoja, Machi 1984. Dhahabu na kutu vilitoka tanuri moja ndani ya wiki chache, na ukimweleza hivyo mtetezi wa enzi ile atakujibu kuhusu dhahabu tu.

Tarehe 31 Mei 2025 Daktari wa Ncuti Gatwa alibadili mwili, na sura iliyojitokeza ilikuwa ya Billie Piper, yule yule aliyemwigiza Rose, msafiri mwenza wa Daktari, wakati tamthilia inafufuliwa 2005. Maandishi ya mwisho wa kipindi yalimtambulisha kwa jina lake bila kusema anaigiza nani. Wapo waliosema ni ufisadi wa kumbukumbu, wapo waliosema ndiyo enzi nzuri inarudi, na enzi nzuri waliyoikusudia ilikuwa ile mpya.