Shangazi wa Pwani Anajibu: Nilimleta Dodoma, Sasa Amepauka

*Shikamoo Shangazi. Nilimwona Mafia, nikampenda papo hapo. Rangi ya kahawia iliyokolea, ncha za zambarau, mtulivu, hana maneno. Nikamchukua kimyakimya hadi Dodoma, nikamweka sebuleni na kumpa kila kitu: maji safi ya bomba, taa, hata wenzake wawili wa kupiga nao soga. Kesho yake akapauka. Keshokutwa akaanza kunuka, na wale wenzake sasa wanatweta. Nimemkosea nini?*
Mpenzi Aliyeduwaa, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Nilipofika kwenye harufu nilishika simu niwapigie polisi. Bahati yako nikageuza karatasi nikaiona picha: tangi la kioo, samaki dhahabu wawili, na katikati yao tumbawe, marehemu.

Kosa lako ni kutouliza ukoo wake. Tumbawe si jiwe, wala si ua. Ni wanyama wadogo wengi walioshikamana, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, wakijenga kwa pamoja nyumba moja ya chokaa. Ndani ya nyama yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kuwagawia wenye nyumba. Ile kahawia iliyokutoa akili ilikuwa ya mpangaji.

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na mwili wa tumbawe umezoea kiasi hicho. Ukimtumbukiza kwenye maji baridi, maji hukimbilia kule kwenye chumvi nyingi, yaani ndani ya chembe hai zake. Huvimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha, kisha hupasuka. Mwani hutoka, nyama hubanduka, hubaki kiunzi cheupe. Nyama hiyo ikioza hutoa amonia, na amonia ndiyo inayowafanya samaki wako wahemee juu ya maji. Toa mzoga leo hii, badilisha sehemu kubwa ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini, na usiwape chakula mpaka watulie.

Jambo la mwisho silifanyii mzaha. Kung'oa tumbawe ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ni kosa kisheria. Wewe hukuposa, ulitorosha.

*Shangazi, mimi nimeshajua siri ni chumvi. Nina tangi la lita 100 lenye samaki wa maji baridi. Nikinunua pakiti kadhaa za chumvi dukani, si nitaweza kuweka na matumbawe? Au nichanganye nusu kwa nusu ili kila upande uridhike?*
Msuluhishi, Mwanza

Msuluhishi, piga hesabu kwanza. Gramu 35 kwa lita, mara lita 100, ni kilo tatu na nusu za chumvi. Mangi atakuuliza kama una msiba au una kiwanda cha ng'onda. Na samaki wako hawatasubiri jibu: kwao mambo yatakwenda kinyume, maji yatatoka mwilini na watakauka wakiwa ndani ya maji.

Halafu, chumvi ya jikoni si bahari. Ni sodiamu na kloridi, na madini joto kidogo kwa ajili ya shingo yako. Bahari ina pia magnesi, kalsi, potasi na mengineyo. Bila kalsi ya kutosha, tumbawe atajengea nyumba nini? Wanaofuga matumbawe kwa dhati hutumia chumvi maalumu ya bahari, hupima ukali wake kila mara, huwasha taa kali, husukuma maji kwa pampu mchana na usiku, na huyashika kwenye nyuzi 25 au 26. Maji yakipungua kwa kukauka, huongeza maji baridi, kwa sababu chumvi haikauki ikaondoka. Sasa fikiria umeme umekatika saa sita mchana.

Kuhusu nusu kwa nusu, ramani imekujibu. Fuata miamba ya matumbawe ya pwani yetu, utaiona inakatika kwenye midomo ya mito mikubwa kama Rufiji, ambako maji baridi na tope humwagika baharini. Tumbawe mwenyewe hakukubali suluhu hiyo, wewe ni nani?

*Shangazi, unatudharau watu wa bara. Sisi tuna Ziwa Tanganyika, lenye kina kuliko maziwa yote ya Afrika, na maji yake ni baridi. Utaniambia humo hamna matumbawe?*
Mwenye Ziwa Lake, Ujiji

Hamna, baba, wala usinikasirikie. Matumbawe yanayojenga miamba ni ya bahari tu. Ila ukoo wake umefika kwenu. Ziwani mna konyeza mdogo, angavu kama kioo, upana wake ni kama sarafu, anayeelea bila kumsumbua mtu. Wataalamu humwita *Limnocnida tanganyicae*, na ni ndugu wa mbali wa tumbawe. Kwenye miamba ya chini ya maji mna spanji pia, ingawa hao ni kabila jingine kabisa. Na mna samaki wa rangi ambao watu wa Ulaya na Marekani huwaagiza kwa ndege wawaweke sebuleni. Mwenye mali hiyo anamtamani tumbawe wa jirani kwa lipi?

*Shangazi, nafuga mbuna kutoka Nyasa. Rafiki yangu ana kipande cha tumbawe kilichokufa zamani, kikavu, anasema nikiweke tangini. Nikubali?*
Mwoga, Mbeya

Hatimaye mtu ameuliza kabla ya kutenda! Kiunzi kikavu ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Kikikaa majini huyeyuka polepole, huyafanya maji kuwa magumu na huyapunguzia uasidi. Samaki wa Nyasa na Tanganyika wanayapenda maji ya namna hiyo, kwa hiyo mbuna wako watakushukuru. Ila kama una neoni au diskasi, samaki wa Amazon waliozoea maji laini yenye uasidi kidogo, utakuwa unawatesa.

Hata hivyo, usimtume rafiki yako ufukweni kuokota kingine. Matumbawe mawe yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na kuyavusha mpaka kunahitaji kibali hata yakiwa makavu. Jiwe la chokaa kutoka machimboni linafanya kazi ileile. Ukitaka kulijua, lidondoshee siki: likitoa mapovu madogomadogo, ni chokaa, likinyamaza, lipeleke ukajengee ukuta. Lioshe vizuri, mbuna watachimba chini yake na kugombania mapango.

Hukumu yangu kwa wote: tumbawe hai ndani ya tangi la maji baridi haiwezekani, si kwa chumvi ya pakiti, si kwa dua, si kwa mapenzi. Mwenye hamu ya rangi aweke mbuna sebuleni. Mwenye hamu ya tumbawe aende Chumbe, Unguja, avae miwani ya kuogelea, amtazame, arudi nyumbani mikono mitupu.