Saa ya Maskati

Ami alirudi kutoka Maskati na saa ya ukutani yenye adhana, pembezoni dhahabu tupu, akaitundika sebuleni. Bibi akaitazama. "Nzuri, mwanangu," akasema, kisha akatoka uani kukiangalia kijiti chake.

Kijiti hicho kimechomekwa pale tangu kabla mama hajaolewa. Kivuli kikiwa bado kinapungua, Adhuhuri haijaingia. Kikianza kurefukia mashariki, jua limepinduka. Kikifika urefu wa kijiti chenyewe, juu ya kile kivuli kilichobaki adhuhuri, ni Alasiri. Mwanzoni mwa Machi hata cha kujumlisha hakuna: Unguja tuko nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta, na siku hizo jua hutupitia utosini, kijiti kikabaki kimesimama bila kivuli.

Ramadhani ya 2025 ikaangukia humo humo. Alfajiri, saa mpya iliutangulia msikiti wa mtaani kwa dakika chache tu, na sisi tulikwisha kula daku, nani ajali? Adhuhuri ikatangulia kwa robo saa na ushei. Bibi akachungulia uani, kivuli bado kimelala magharibi. "Saa yenu ina haraka," akasema, akarudi kukuna nazi.

Jioni jamvi limetandikwa, tambi zimepakuliwa, saa ikaadhini. Ami alikwisha kumeza tende na funda la maji ya ukwaju, mkono u njiani kuelekea sambusa, Bibi alipouliza: "Na hilo linalonichoma jicho dirishani ni nini?"

Lilikuwa jua, limekaa juu ya bahari upande wa Bara, limebakiza nusu saa nzima.

Saa haikuwa mbovu. Ilionyesha saa za kwetu, lakini ilikuwa bado ikiadhinia Maskati. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo 45, nasi tuko kwenye 39, ndiyo maana jua letu huchelewa. Wao saa zao ni za longitudo 60, nao wako 58, hivyo hawaachani nalo sana. Tena wako kaskazini, nyuzi 23 na zaidi, na mwanzoni mwa Machi mchana wao bado ni mfupi kuliko wetu. Asubuhi tofauti hizo mbili zilivutana, moja ikiwahisha na nyingine ikichelewesha, tukaona mambo sawa. Jioni zote mbili zikawahisha.

Ami akajitetea kwamba alikula akiamini jua limetua. Bibi, Mshafii wa chuoni tangu utotoni, hakupepesa: ajizuie mpaka litue kweli, na siku ailipe baada ya Idi. Nusu saa ile Ami alikaa ameikodolea macho sambusa, nasi hatukuthubutu kucheka kwa sauti.

Usiku akabadilisha mji, akaweka Zanzibar. Kesho yake Adhuhuri ikaenda sawasawa na kijiti. Alasiri, kimya. Bibi akaswali, akamenya mihogo, akaiweka motoni. Saa ikaja kuadhini zaidi ya saa nzima baadaye. Ilikuwa imewekwa kwa madhehebu ya Mahanafi, ambao husubiri kivuli kifike mara mbili ya kitu.

Ami akaiteremsha, akaanza kufungua mgongo wake akitafuta kitufe. Mama akamwambia maadamu bisibisi iko mkononi, mlango wa friji nao umelegea.