Tano Bora za Kuota Macho Wazi

Hapa Gihundwe, magharibi mwa Rwanda, Kiswahili huvuka mpaka wa Kongo na wachuuzi wa Bukavu, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Basi asitwambie mtu kwamba usurealisti, sanaa inayovunja mantiki ili iseme kweli, ni mali ya Paris. Tuhesabu kushuka, riwaya mbili na filamu tatu.

5. Babu Alipofufuka (2001). Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar anamfufua babu aje amkague mjukuu wake, kigogo aliyeshiba. Mkaguzi wa serikali utamtuliza kwa bahasha. Mzimu utampa nini?

4. Mũrogi wa Kagogo. Ngũgĩ wa Thiong'o anamvimbisha kama puto mtawala wa Aburĩria, nchi ya kubuni. Poleni mafundi cherehani wa ikulu!

3. Augure (2023). Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, anamrudisha mhusika wake Koffi nchini Kongo kutoka Ubelgiji. Damu ya pua inamdondokea mtoto mchanga, na hapo hapo Koffi ni mchawi. Kesi imekwisha hata viti havijapangwa.

2. Matière grise (2011), ya Kivu Ruhorahoza. Hapa utani nauweka chini. Kichaa amemfungia mende ndani ya glasi, na Mnyarwanda haelezwi zaidi: katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wauaji waliwaita Watutsi mende. Kisha tunakutana na kaka na dada waliobaki yatima. Masimulizi yaliyonyooka yangetaja tukio tu; akili iliyopasuka inataka filamu iliyopasuka. Ndiyo maana sikubali maajabu haya yaitwe pambo.

1. Neptune Frost (2021). Anisia Uzeyman, Mnyarwanda, na Saul Williams wa Marekani waliirekodi hapa hapa Rwanda, ingawa kisa ni cha Burundi. Mchimba koltani anampoteza ndugu yake mgodini, anatorokea kwa wadukuzi walioko milimani, kati ya mabaki ya kompyuta. Mhusika Neptune naye anaanza akiigizwa na Elvis Ngabo, anaendelea akiigizwa na Cheryl Isheja. Ukisinzia kidogo, shauri yako. Wanaimba, wanasema Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Kwenye tamasha la filamu la Cannes walisoma maandishi ya chini. Mtu wa Kamembe, mji wetu, anasikiliza tu! Maajabu ya Wamarekani nayajua: naipenda tamthilia ya Atlanta, naiheshimu filamu ya Get Out, lakini koltani inachimbwa Kivu, ng'ambo ya ziwa letu, na simu zetu zinaitegemea. Vijana wa Gihundwe, tafuteni projekta na shuka jeupe. Viti nitabeba mimi.