Kosa Lenye Mwenyewe

Kuanzia Desemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma kivivu na bati likiwaka juu ya vichwa, hakuna mwanamume wa Unguja anayeweza kukaa ndani baada ya alasiri akabaki na akili zake. Hutoka na kikoi na fulana, akakaa kwenye baraza la saruji upande wenye kivuli, akaagiza kahawa chungu, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa ameshaeleza Marekani iendeshwe vipi, nani anapandisha bei ya mafuta, na kwa nini madaktari wa siku hizi hawajui kutibu mgongo. Elimu ya kiangazi hutolewa hapo, bure, na watu ambao wengi wao hawajapata kuthibitisha jambo lolote maishani. Wasomi wetu huyacheka mazungumzo haya, na sababu za kuyacheka ziko tele. Ila nadai wanacheka pasipo mahali pake. Baraza likipimwa kwa wingi wa makosa yake, limeshafeli kabla muuza kahawa hajagonganisha vikombe. Kipimo cha haki ni kingine: kosa likitamkwa pale, lina mwenyewe au halina?

Chukua swali la joto lenyewe, ambalo kila Februari huulizwa kana kwamba halijapata kuulizwa tangu dunia iumbwe. Mmoja anasema jua limesogea. Wanamcheka. Kumbe hajapotea sana: dunia huwa karibu zaidi na jua mapema Januari, kiasi cha kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mapema Julai, kiasi cha kilomita milioni 152. Akitokea kijana mwenye simu akayasoma hayo kwa sauti, mzee wetu huongezeka kimo palepale, na kahawa inayofuata halipi yeye. Furaha hiyo hudumu mpaka mwalimu mstaafu wa jiografia, aliyekuwa kimya na dhumna zake, anapouliza: "Basi Waingereza saa hizi mbona wamevaa makoti?" Hapo ndipo kazi inapoanza. Siku mbili tatu hupita watu wakiuzungumza mhimili wa dunia ulioinama nyuzi 23 na ushei, chungwa likizungushwa mbele ya taa ya chemli, mpaka inakubalika kwamba Unguja jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Oktoba na mapema Machi. Kwamba kaskazi haina nguvu za kusi. Na kwamba hewa iliyoshiba unyevu wa bahari hairuhusu jasho kukauka. Majibu hayo ni sahihi. Na hayakupatikana kwa sababu wanabaraza wanapenda ukweli kuliko watu wengine. Yalipatikana kwa sababu aliyesema jua limesogea hana baraza jingine la kwenda. Kesho atarudi palepale, mbele ya watu walewale, na jina la "Jirani wa Jua" ameshabandikwa.

Au chukua kahawa. Mtu mwenye akili anakunywaje kitu kinachochemka katika joto la nyuzi 32? Jibu la baraza ni kwamba moto huondoa moto, na msomi akilisikia hutikisa kichwa kwa huruma. Sasa, mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia watu wanaopiga pedali za baiskeli ya maabara huku wakinyweshwa maji ya viwango mbalimbali vya joto. Waliokunywa maji ya nyuzi 50 miili yao ilihifadhi joto kidogo kuliko walipokunywa maji ya baridi, kwa kuwa kinywaji cha moto huchochea jasho la ziada, na jasho hilo likikauka huondoka na joto jingi. Baraza zima lingeweza kusimama na kushangilia, isipokuwa kwa lile sharti dogo: jasho lazima likauke. Kwetu halikauki, linatiririka tu mpaka kwenye saruji, na kinachopozwa ni saruji. Kwa hiyo wazee wetu wamekosea nyumbani kwao na kupatia Kanada, jambo ambalo si kila mtaalamu analiweza. Tena vikombe vyenyewe ni vidogo mno, haviwezi kumpasha mtu moto wala kumpoza. Kazi yake kubwa ni kuunguza ulimi, na hiyo ndiyo ajali ya kawaida kuliko zote barazani. Ina faida zake, maana ndiyo nafasi pekee aipatayo mpinzani ya kusema neno.

Anayedhani sayansi ya kweli hufanywa na watu wenye adabu zaidi na aitazame London ya Januari 1684. Wanasayansi watatu, Edmond Halley, Robert Hooke na Christopher Wren, walikuwa wakibishana juu ya nguvu inayozifanya sayari zilizunguke jua. Hooke akasema uthibitisho anao, ila ataufungia kwanza, mpaka wengine wajaribu na kushindwa, ndipo watajua thamani yake. (Kila baraza lina Hooke wake, kwa kawaida ndiye anayeijua dawa ya kisukari.) Wren akaweka dau: kitabu cha thamani ya shilingi 40 kwa atakayeleta uthibitisho ndani ya miezi miwili. Miezi ikapita, Hooke hakuleta kitu. Agosti Halley akafunga safari hadi Cambridge kumuuliza Isaac Newton, naye akajibu kwamba hesabu hiyo alishaifanya zamani, lakini karatasi haioni. Jibu la barazani kabisa! Tofauti ni kwamba Newton aliifanya upya na kuituma, na mwaka 1687 kikatoka kitabu kilichobadilisha fizikia yote. Ninachokitazama hapo si akili ya Newton, ambayo hatuwezi kuiagiza pamoja na kahawa. Natazama kwamba majigambo ya Hooke yalitamkwa mbele za watu, yakawekewa tarehe, na mtu mmoja akakataa kuyasahau. Watawala walilijua hilo mapema. Mnamo Desemba 1675 mfalme Charles wa Pili aliamuru nyumba zote za kahawa za Uingereza zifungwe, na katika siku chache akaifuta amri hiyo kwa jinsi kelele zilivyokuwa nyingi. Septemba 2009 serikali ya Uganda nayo iliipiga marufuku mijadala ya redio iliyokuwa ikifanywa hadharani, ile waliyoiita ebimeeza. Hakuna serikali inayotishwa na watu waliokosea hesabu. Inatishwa na watu ambao kesho watakutana tena.

Pingamizi zito kuliko yote ni la uvumi, na halijibiwi kwa mzaha. Mwaka 1995 habari za pepo aitwaye popobawa zilienea Pemba na Unguja mpaka watu wakahama vitanda na kulala nje kwa makundi, na mjini Zanzibar mtu asiye na hatia, mgonjwa wa akili, akauawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Sitasema baraza halikuhusika. Lilihusika. Lakini angalia habari ile ilivyokuwa ikisafiri: kila aliyeisimulia alikuwa ameisikia kwa shemeji wa jirani wa mtaa wa pili. Ilikosa mtu wa kuulizwa kesho yake. "Nimesikia" ni neno lisilo na mwenyewe, na siku baraza linapoliacha lipite bila ya kuuliza "kwa nani?", limeacha kazi yake. Kwa kipimo changu basi baraza la mwaka ule lina hatia, nami sikukileta kipimo hiki ili kulitetea kila mara.

Hivyo hivyo kwa siasa. Tangu vyama vingi virudishwe mwaka 1992, Zanzibar imekuwa na maskani za watu wa rangi moja ya chama. Kisonge pale Michenzani, na ubao wake wa vijembe, ni ya CCM. Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe imejulikana kwa miaka mingi kuwa kijiwe cha wapinzani. Penye watu wa rangi moja, anayekosea haulizwi, huongezewa kahawa. Hapo kosa lina wenyewe mia, na kwa hivyo halina hata mmoja. Dawa sijui kama ipo, ila kiangazi kimoja kinafaa kukumbukwa. Desemba 2009, baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari, kisiwa cha Unguja kilizima, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Feni zilisimama, pampu za maji zilisimama, nyama kwenye mafriji ilianza kutoa habari zake zenyewe, na televisheni zikawa meza za kuwekea vyombo. Chama chochote ulichokipenda, ulikuwa nje. Mwezi mmoja kabla ya hapo Rais Amani Karume na kiongozi wa upinzani Seif Sharif Hamad walikuwa wamekutana na kuanzisha maridhiano, na tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura waliikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Sisemi kiza kilipiga kura. Atakayesema hivyo atabandikwa jina kabla ya magharibi. Nasema tu kwamba miezi hiyo yote mitatu jambo hilo lilipata kuzungumzwa na watu waliolazimika kuonana, au angalau kusikiana, maana kuonana kulikuwa kugumu.

Wanawake nao wana swali, na ni la haki: mbona walio barazani wote ni wanaume, na chakula hakijipiki? Kweli, pwani sokoni huenda mume, na bei ya fungu la samaki anaijua. Lakini mfumuko wa bei hujadiliwa alasiri nzima bila ya kuulizwa yule anayelifanya fungu hilo litoshe watu wanane. Huo ni upungufu wa baraza la mbele, na sina utetezi. Ninaloweza kusema ni kwamba uani kanuni ni ileile, tena kali zaidi: anayetoa maneno huko hujibiwa kwa kanga, iliyonunuliwa makusudi na kuvaliwa makusudi, na jina la kanga halifutiki kama ujumbe wa simu.

Na simu ndiyo hoja ya mwisho ya wapinzani wangu. Wanasema magrupu yamechukua nafasi ya baraza, watu ni wengi zaidi na habari ni za haraka zaidi. Haraka ndiyo, sikatai. Kuna ule ujumbe unaozunguka mwaka baada ya mwaka: usiku wa leo zima simu na uiweke mbali na mwili, miale hatari kutoka anga za juu itapita karibu na dunia, NASA na BBC wamethibitisha. Aliyeuandika hajulikani. Aliyeutuma anasema ametumiwa. Ukimuuliza kesho yake mbona umelala na simu chini ya mto na umeamka salama, atakuwekea kikatuni cha mtu anayecheka, au utaambiwa fulani amejitoa. Barazani hakuna kujitoa. Ukiondoka kwa hasira unaacha nusu kikombe na deni kwa muuza kahawa, na vyote viwili vinakudai urudi.

Tatizo ni kwamba tunajenga nyumba zisizo na pa kukaa nje. Ukuta mrefu, vipande vya chupa juu yake, geti la chuma, na ndani kiyoyozi kinachomfanya mwenye nyumba aamini kila anachokisoma peke yake. Wewe unayechora ramani sasa, toa nafasi ya baraza, la kukalia watu sita, na ulijenge upande wa mashariki, maana jua la alasiri hupiga magharibi. Hili sikulisikia kwa mtu, nalisema mwenyewe. Anayebisha aje kesho baada ya sala ya alasiri.